Wakala wa bima atusomee na yale yasiyolipwa

Mhariri,

Wiki chache zilizopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba bima ya gari ni wizi wa mchana kweupe: kampuni inapokea pesa yako bila maswali, na siku ya ajali ndipo maswali yanapoanza. Nilisubiri nione kama watu wa bima watajibu. Sijaona jibu. Naomba nafasi nijibu mimi, ambaye siuzi bima wala sina hisa katika kampuni yoyote.

Mimi ni karani wa gereji ya bodi na rangi hapa Tabata, Dar es Salaam. Gari likiletwa limebondeka, ninaandika makadirio: bampa, shoo, taa, boneti, kunyoosha, rangi. Ninayapeleka kampuni ya bima, ninampokea mtathmini wao anapokuja kukagua, kisha tunasubiri barua ya kuruhusu kazi ianze. Barua ya kukataa dai ikija badala yake, mwenye gari anapewa nakala, na mara nyingi anakuja nayo kwangu nimsaidie kuielewa, kwa sababu imeandikwa Kiingereza na inataja vifungu vya mkataba ambao hajawahi kuuona. Neno la kwanza wanaloniambia karibu wote ni hilohilo: "Lakini dada, mimi nilikata bima kubwa," yaani ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe.

Kwa nilivyoona pale mezani kwangu, madai mengi yaliyokataliwa yalikataliwa kwa sababu iliyokuwemo ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza. Hapo kampuni haikudanganya. Lakini mwenye gari naye hakudanganya, maana hakuna aliyemweleza. Alilipia kwa simu, akatumiwa ujumbe wenye namba ya stika, pengine na kava noti, yaani hati fupi ya kuthibitisha bima, ya ukurasa mmoja. Mkataba wenyewe, wenye kurasa zinazosema nini kinalipwa na nini hakilipwi, ulibaki ofisini au kwenye barua pepe ambayo wakala aliifungua yeye mwenyewe kwa niaba ya mteja. Hili ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kuna kijana alinunua IST kwa mkopo na kuikatia bima kubwa kama gari binafsi, namba ya njano. Mchana alikuwa na ajira yake. Jioni aliwasha programu ya teksi mtandao, akabeba abiria hadi usiku ili marejesho ya mkopo yatimie. Usiku mmoja maeneo ya Buguruni alimkwepa bodaboda, akaingia kwenye nguzo. Abiria aliyekuwa nyuma aliumia mkono na akawaeleza polisi ukweli mtupu, kwamba aliita usafiri kwa simu na nauli ilikuwa kiasi fulani. Maelezo hayo yakaingia kwenye ripoti ya polisi, ripoti ikaenda bima, na dai likafia hapo. Mkataba wa gari binafsi unaeleza matumizi yanayokubalika: shughuli za nyumbani, kwenda kazini na kurudi, matembezi. Kubeba abiria kwa malipo kumeondolewa waziwazi. Gari la biashara lina kiwango chake cha malipo, ambacho ni kikubwa zaidi, kwa sababu linashinda barabarani na watu wasiofahamiana na dereva wanapanda na kushuka.

Niliomba kuiona fomu ya maombi ya yule kijana. Imejazwa vizuri sana, kwa mwandiko ambao si wake. Penye swali la matumizi ya gari pameandikwa "binafsi". Alichofanya yeye ni kumtumia wakala picha ya kadi ya gari kwa WhatsApp na kulipa. Angeulizwa, angesema. Nilimuuliza mimi, akanijibu bila kusita kwamba angelipa tofauti ile, maana ilikuwa ndogo kuliko marejesho yake ya mwezi mmoja. Gari lilikaa kwetu muda mrefu likiwa limefunikwa turubai, na benki iliendelea kudai kama kawaida.

Wenzangu mnaoendesha teksi mtandao kwa namba ya njano ni wengi, tunawaona kila siku. Nawasihi mwulize leo kava zenu zinasema nini kwenye sehemu ya matumizi. Msimwulize wakala kwa mdomo tu, mwambieni awaandikie.

Jambo la pili ni maji. Mji huu tunaujua. Mvua ikinyesha usiku kucha, Jangwani hapapitiki na Barabara ya Morogoro inafungwa. Walioshuhudia mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kukumbushwa. Mikataba mingi niliyoishika inaweka mafuriko katika majanga ambayo hayalipwi mpaka yaongezwe, na nyongeza hiyo inalipiwa kiasi kidogo juu ya bei ya kawaida. Mteja hatajiwi, basi hanunui.

Hata aliyeinunua anaweza kupoteza nusu ya haki yake kwa sababu ya dakika moja. Gari limezimika majini, au limeamka asubuhi maji yamefika kwenye viti. Kitu cha kwanza mtu anachofanya ni kuwasha aone kama liko hai. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inapanda na kukuta kitu kisichobanika. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Koneki rodi inapinda, pengine inatoboa bloku. Mafundi wetu wakifungua injini wanaliona hilo mara moja, na mtathmini naye analiona. Hapo ndipo kampuni husema: viti, nyaya na mazulia tutalipa, hayo ni mafuriko, injini hatulipi, hiyo imeharibiwa na aliyeiwasha. Mwalimu mmoja wa Kigogo alilipwa kwa mtindo huo, na injini ya mtumba akanunua kwa pesa yake. Nimwambie nini mtu kama yule? Mkataba wake unadai mwenye gari achukue tahadhari ya kuzuia hasara isiongezeke. Lakini hakuna mtu aliyemwambia kwamba tahadhari yenyewe ni kutogusa ufunguo, kuchomoa betri, na kulivuta gari mpaka gereji.

Yako mambo ambayo watu wanayajua kijuujuu, nayo niyapitie haraka. Dereva asiye na leseni, au mwenye leseni iliyokwisha muda, au ya daraja lisiloruhusu gari lile: hakuna malipo ya gari lako. Dereva aliyelewa, vilevile. Sheria ya Usalama Barabarani imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na kipimo cha polisi kinakuwa sehemu ya faili la dai. Gari lililozidisha uzito au idadi ya watu. Kuchakaa, kutu, gia boksi iliyokufa yenyewe, tairi lililopasuka bila ajali: hayo ni matengenezo ya kawaida na bima haiyagusi. Saiti mira na redio zilizochomolewa usiku gari likiwa limeegeshwa mara nyingi zina kikomo chake cha malipo, na baadhi ya mikataba haizilipi kabisa. Na kuna kile kiasi ambacho mwenye gari hujilipia mwenyewe katika kila dai kabla kampuni haijatoa chake. Katika mikataba mingi inayopita kwangu ni asilimia 10 ya dai, na kuna kiwango cha chini ambacho hakishuki. Mtu anayedai laki tatu kwa ajili ya bampa huweza kukuta hakuna kilichobaki cha kulipwa.

La vurugu nalo nisiliruke. Fujo, maandamano, ghasia za kisiasa: mkataba wa kawaida unayaondoa hayo, na anayetaka ulinzi huo huununua peke yake. Baada ya vurugu za siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, magari yalipochomwa jijini, tulipokea simu za watu wakiuliza kama kampuni zao zitalipa. Nilichoweza kuwaambia ni watafute ukurasa wa mambo yasiyolipwa na waangalie kama waliongeza kifungu hicho. Wengi walinijibu kwamba hawana ukurasa wowote zaidi ya stika.

Sasa nije kwenye thamani ya gari, maana hapa wakala na mteja hukubaliana kujidanganya kwa pamoja. Kiwango kilichozoeleka cha bima kubwa kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Gari lina thamani ya shilingi milioni 18. Ili malipo yapungue, wanaandika milioni 12. Hapo mteja ameokoa shilingi 210,000, bado VAT hujaihesabu. Linakuja dai la milioni 3. Mtathmini anaangalia bei ya soko, anakuta gari lilikatiwa bima kwa theluthi mbili tu ya thamani yake, na mkataba wenye kifungu cha uwiano unaruhusu kulipa theluthi mbili tu ya hasara. Milioni 3 inakuwa milioni 2, kisha kinatolewa kile kiasi cha kujilipia. Kaka aliyefurahia kuokoa laki mbili anatafuta milioni moja na zaidi ya kukamilisha kazi, na gari lake haliruhusiwi kutoka gereji mpaka alipe. Lipo na kosa la upande wa pili: mtu anaendelea kuandika bei aliyonunulia miaka mitano iliyopita, analipia milioni 18 wakati gari siku hizi ni la milioni 11. Likiangamia kabisa, kampuni inalipa bei ya soko ya siku ya ajali, hailipi ile iliyoandikwa.

Kuna tabia nyingine ya hapa kwetu ambayo inatuharibia madai mengi, nayo ni kumalizana barabarani. Tumegongana, trafiki hajafika, watu wamejaa, mmoja anasema "nimekosa mimi, nitakutengenezea", wanapeana namba za simu na kuachana. Kiubinadamu ni jambo jema, na mimi sipendi kuona watu wakigombana juani. Ila karibu kila mkataba unakataza mwenye gari kukubali kosa au kuahidi malipo bila kampuni kuridhia, na unataka tukio litolewe taarifa mapema, polisi wakiwa wamepima. Yule mwingine akirudi baada ya wiki mbili na ankara ya milioni 4, kampuni itauliza: ramani ya ajali iko wapi? Ripoti ya ukaguzi wa gari iko wapi? Haipo. Wengine huniletea gari limeshanyooshwa nusu na fundi wa mtaani kabla mtathmini hajaliona, na wanataka niandike makadirio kama vile bado limebondeka. Siandiki. Bosi wangu haruhusu, na hata angeruhusu nisingeandika, kwa sababu huo ndio udanganyifu unaozifanya kampuni zimwangalie kila mteja kama mwizi.

Bima ndogo, ile ya laki moja na ushee kwa gari binafsi, nayo ina mkanganyiko wake. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari barabarani kuwa nayo kwa ajili ya mtu wa tatu anayeumia au kufa kwa sababu ya gari hilo. Haikuwekwa kwa ajili ya bampa lako. Ndugu wa aliyegongwa nao wajue kwamba sheria hiyo inawalinda kuliko inavyomlinda mwenye gari: mahakama ikishampa ushindi aliyeumia, yapo masharti ya mkataba ambayo kampuni haiwezi kumfungia nayo mlango, hata kama ina haki ya kumgeukia mteja wake baadaye na kumdai. Nimeona familia zimekaa kimya kwa sababu dereva aliwaambia bima imekataa. Bima ilimkataa yeye na gari lake. Haki ya majeruhi lilikuwa suala lingine, na walipaswa kwenda kuuliza wenyewe.

Wanaovuka mpaka wa Tunduma au Rusumo wanajua habari ya kadi ya njano ya COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango wa kadi hiyo, kwa hiyo inakatwa hapahapa nchini. Kadi inashughulikia madai ya watu wa tatu katika nchi unayoingia, pamoja na matibabu ya waliomo garini. Gari lako lenyewe likipinduka Zambia ni habari nyingine: mkataba wako wa hapa una mipaka ya nchi, na usipoiongeza kabla ya safari, mabaki yatabaki mzigo wako.

Nimesema mengi ya kuzitetea kampuni, sasa niseme upande wao unaonikera. Zipo barua za kukataa ambazo hazina msingi, na zinaandikwa kwa sababu mteja anategemewa asihoji. Mama mmoja alikataliwa dai kwa maelezo kwamba dereva "hakuwa na leseni", wakati leseni ilikuwepo, hai, ya daraja sahihi, ila siku ile iliachwa nyumbani. Kusahau leseni mezani na kutokuwa na leseni ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza linamhusu trafiki. Tulimsaidia kuandika barua ya nusu ukurasa, tukaambatanisha nakala ya leseni, na kampuni ikabadili msimamo bila hata kuomba radhi. Ni wangapi wameikunja barua kama ile na kwenda kukopa? Aliyekataliwa adai kwa maandishi kifungu kilichotumika, kwa namba yake. Kampuni ikishikilia msimamo, TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, inapokea malalamiko, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa kazi hiyohiyo.

TIRA imefanya jambo kubwa kwa kuweka stika za kielektroniki. Siku hizi mtu anaingiza namba ya gari kwenye mfumo wao na kuona kama bima ni hai na imetoka kampuni gani, na stika bandia zilizokuwa zikiuzwa vichochoroni zimebanwa. Ninaiomba iende hatua moja mbele. Mfumo uleule unaotuma namba ya stika utume na ukurasa mmoja wa Kiswahili: gari limeandikwa ni la matumizi gani, thamani iliyoandikwa ni ngapi, mafuriko yamo au hayamo, fujo zimo au hazimo, mteja atajilipia kiasi gani katika dai, na nani haruhusiwi kuliendesha. Mteja akubali kwa namba yake mwenyewe ya simu kwamba ameusoma au amesomewa, na malipo yasikamilike kabla ya hapo. Bunge lilishapitisha mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Kama sheria za nchi zinaweza kuandikwa kwa lugha tunayoongea, sioni kwa nini mkataba wa gari la mwalimu wa Kigogo usiweze.

Na kwa mawakala, ambao wengi ni vijana wanaotafuta riziki kwa kamisheni kama tunavyotafuta sote: mnaogopa kwamba mkimsomea mteja mambo yasiyolipwa atakimbia. Wateja wenu ninaowapigia simu hawakuwakimbia siku ya kununua. Wamewakimbia baada ya ajali, wamewaambia ndugu zao wote kwamba bima ni utapeli, na mmoja wao amewaandika gazetini. Mwulizeni mteja maswali matatu kabla ya kupokea pesa. Gari utalifanyia kazi gani? Nani mwingine ataliendesha? Usiku linalala wapi, na maji yanafika hapo? Ni mazungumzo ya dakika tano.

Mhariri, na wewe nina ombi. Ukurasa wako wa biashara huchapisha bei za mazao na viwango vya kubadilisha fedha. Naomba mzitake kampuni za bima ziwape orodha zao za mambo yasiyolipwa katika bima kubwa ya gari binafsi, kwa Kiswahili, mzichapishe moja baada ya nyingine, ili msomaji azilinganishe kabla ya kuchagua wapi apeleke pesa yake. Itakayokataa kuwapa, mtuandikie pia kwamba imekataa.

Karani wa gereji,
Tabata, Dar es Salaam